Kona ya Aliyenuna Siku Tatu

Jua lilikuwa halijapanda juu ya bati la kanisa la Ngulyati, na Milembe alikuwa ameshapika uji wa watu wote, akaumimina kwenye ndoo yenye mfuniko, akakaa kusubiri. Wanaomjua husema bibi huyu anaweza kungoja maharage yaive kwa moto wa mabua bila kuguna. Lakini asubuhi hiyo mikono haikutulia. Alifunga kanga, akaifungua, akaifunga tena.

Ilikuwa siku ya mpaka. Wapimaji wangefika kesho kutoka mjini Bariadi na mashine yao, waanze kumwandikia kila mwenye shamba hati ya kimila. Kabla hawajafika, baraza la ardhi la kijiji lilitakiwa kutembea na kila familia, kona kwa kona, jirani akiwepo, ili baadaye kusiwe na maneno. Familia nyingi zilikuwa zimemaliza. Ya Milembe ilibaki mwisho kwa sababu ya ngitili.

Ngitili ni malisho ya akiba. Mvua ikinyesha ng'ombe hawaingii, mpaka kiangazi kikaze ndipo hufunguliwa. Ya nyumba hii Masalu, marehemu mume wa Milembe, aliirithi kwa baba yake: ekari kumi na nne hivi za nyasi na miti, na upande wa chini kisima cha kunyweshea kisichokauka. Mwisho wa Septemba, kijiji kizima kikiwa vumbi na mabua ya mtama, humo ndani nyasi zilifika magotini. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa zizini wakizisubiri, mbavu zao zikihesabika kutoka barabarani.

Na Masunga, jirani yao, alikuwa ameshatamka mbele ya baraza kwamba nusu ya ngitili, ile yenye maji, ni ya baba yake. Alisema Masalu aliazimwa tu. Masalu hakuacha karatasi hata moja ya kumjibu.

"Karatasi ya nini?" alikuwa akisema mzee yule. "Mchwa wanakula karatasi. Lakini mtoto aliyeumwa na siafu matakoni hasahau mpaka anazikwa."

Ndivyo alivyokuwa Masalu. Nyumba aliiita kizimba cha kuku. Alisema kazi yake ni kulaza wagonjwa na kuficha unga. Chakula alikula nje, kahawa alikunywa nje, na miezi ya joto alilala nje kwenye ngozi, akiamka na majani kwenye nywele. Ukimtafuta ulimkuta ngitilini, akipiga miluzi ya ndege mpaka ndege wenyewe wanachanganyikiwa. Na kila mtoto wake alipong'oka meno ya mbele, akafikia umri wa kuchunga, Masalu alimchukua siku moja wakaenda wawili tu. Mtoto alirudi analia au amenuna, baba anarudi anafuta machozi ya kicheko. Aliwafanyia utani mbaya, kila mmoja wa kwake na mahali pake, na mahali penyewe palikuwa kona ya mpaka. Hiyo ndiyo ilikuwa hati yake.

Mwezi wa tatu kifua kilipomlemea alimwambia Milembe, "Mpaka nimewaachia. Nyanda ana kona yake, Shida yake, Salu yake."

"Hizo tatu. Na ya nne?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ya nne anayo yule aliyeninunia siku tatu." Akafumba macho akapumzika, na Milembe hakutaka kumchosha. Siku ya pili yake akafariki.

Miezi sita Milembe aliligeuza neno hilo kichwani. Watoto wote walimnunia baba yao, lakini nani alinuna siku tatu? Hofu yake ilikuwa moja. Kulikuwa na mtoto mwingine, Kija, aliyezaliwa kati ya Shida na Salu. Huyo alikufa ana miaka minne, na alijua kununa kuliko wote. Kama Masalu aliweweseka kwa homa akamtaja Kija, basi kona ya nne ilikuwa imezikwa zamani, na maji yalikuwa yamekwenda nayo.

*

Wazee wa baraza walifika kwa miguu, wanaume wanne na akina mama watatu. Mwenyekiti wao Januarius, mrefu, mkavu, alishika daftari lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mwangaluka, mayu," alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwa mama.

"Mwangaluka, baba."

"Watoto wote wapo?"

Walikuwepo. Nyanda, kifungua mimba, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani na ng'ombe, alikuwa amevaa shati la kanisani. Shida alitoka Mwamanyili alikoolewa. Salu alikuja na basi kutoka Mwanza, viatu vyake vyeupe vikishangaa vumbi.

Masunga alikuja wa mwisho, panga mkononi. Alimwamkia Milembe shikamoo ya kutazama pembeni, akawageukia vijana. "Leo tutajua kama vicheko vya mzee wenu vina mhuri."

"Na panga la nini?" Shida aliuliza. "Unakwenda kuchinja mpaka?"

"Shida," mama yake alisema.

Januarius akainua daftari. "Nasema mara moja. Mtanionyesha kona, jirani atakubali au atakataa, na mimi nitaandika. Kona ikionyeshwa kwa uongo, hata moja tu, naandika mgogoro eneo lote. Wapimaji wataliruka. Na eneo lenye mgogoro halilishwi na mtu, hata kwa ndama mmoja, mpaka waamue huko mbele. Ya mwaka juzi bado haijaamuliwa."

Milembe alitazama zizini. Ng'ombe mwekundu, yule ambaye Masalu alimwita Mama Mkwe kwa sababu ya kutazama watu vibaya, alikuwa anakula kamba aliyofungiwa.

*

Kona ya kwanza ilikuwa ya Shida. "Alinipandisha kwenye mkwaju," alisema wakiwa njiani. "Juu kabisa. Akasema ameniuza kwa nyani, wanakuja kunichukua jioni, nisiwaaibishe kwa kulia. Akaondoka kweli. Nilikaa huko na kamasi zangu mpaka nikakata tamaa, kumbe yuko nyuma ya kichaka anakula mahindi ya kuchoma."

Akina mama wa baraza walicheka. Lakini walipofika, mkwaju haukuwepo. Palikuwa peupe tu, vichaka na mawe, na sauti ya Shida ikakatika.

"Mkwaju gani?" Masunga aliuliza taratibu. "Mnauona, wazee? Mimi ninaona majani."

Shida alisimama akijikuna mkono. Milembe alitaka kumsogelea akajizuia. Kisha binti akageuka, akaanza kutazama mbali, kwa upande wa kijiji.

"Nilipokuwa juu niliona msalaba wa kanisa," alisema. "Na lile jiwe lililokaa kama kuku anayeatamia. Msalaba ulikuwa umesimama mgongoni mwa kuku, katikati kabisa. Nilikuwa nauangalia ule ili nisiangalie chini."

Akaanza kutembea kinyumenyume, macho kwenye msalaba. Hatua tatu kushoto. Mbili nyuma. Moja kushoto tena. Mguu wake ukazama mpaka kifundoni. Alikuwa amekanyaga majivu. Salu aliyapekua kwa tawi, na chini yake kikatokea kisiki kipana kama meza, kimeungua juu, mizizi bado ina uhai. Mtu alikuwa ameukata mkwaju na kuchomea mkaa palepale.

Hakuna aliyemtaja mtu. Januarius alimtazama Masunga, Masunga akatazama panga lake.

"Unakubali?"

"Nakubali."

Daftari likaandikwa.

Ya pili ilikuwa ya Salu, juu kwenye migunga. Baba yake alimwambia babu alizika chungu cha asali hapo, akamchimbisha kutwa nzima. "Nilitoka malengelenge," Salu alisema. "Nikapata jembe. Bovu, limelika, lina tundu katikati. Akaniambia hongera, huu ndio urithi wako, asali alikula babu mwenyewe. Tukalifukia tena."

"Basi lifukue," Masunga alisema.

Kijana wa Mwanza alivua viatu vyake vyeupe, akavipanga juu ya jiwe. Udongo wa Septemba ni kama sakafu. Shimo la kwanza halikutoa kitu. La pili likatoa jiwe, na Masunga akakohoa kicheko. Jua lilikuwa limeshapanda, wazee walianza kutafuta kivuli, na mmoja wa akina mama alinong'ona kwamba miaka thelathini chuma kinaoza. Milembe alisimama juani. Alikuwa akihesabu migunga: Masalu alisema daima ni mitatu, na hapa ilikuwa miwili.

"Salu," alisema. "Huo wa tatu ulianguka wapi?"

Wakatafuta shina lililooza kwenye nyasi, wakalipata, na Salu akachimba katikati ya yote mitatu. Jembe lake likalia juu ya chuma. Alichokitoa kilikuwa kidogo kama mwiko, chekundu kwa kutu, na tundu lake lipo. Alikishika kwa mikono miwili akainamisha kichwa muda mrefu, mabega yakitikisika, na watu hawakujua kama anacheka au analia.

"Nakubali," Masunga alisema kabla ya kuulizwa. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeshindwa. Milembe aliisikia hiyo na haikumpendeza.

*

Nyanda alikuwa ameisubiri zamu yake tangu asubuhi. Hadithi yake ilijulikana kijiji kizima, maana aliisimulia kila harusi: jinsi baba yake alivyomwambia apumzike kwenye kichuguu, siafu wakampanda, akakimbia uchi, akaruka korongo ambalo hata dume la ng'ombe haliliruki. Kila mwaka korongo liliongezeka upana. Sasa aliwatangulia wazee kwa hatua ndefu, shati la kanisani limeloa mgongoni, akashuka korongoni, akapanda ng'ambo. Alisimama ndani ya shamba la pamba la Masunga, mbele ya kichuguu kikubwa kama kibanda.

"Hapa," alisema.

Januarius alikitazama kichuguu, akalitazama korongo walilovuka. "Una uhakika, Nyanda?"

"Kama ninavyojua jina langu."

"Andika, mzee," Masunga alisema. Alikuwa anatabasamu, waziwazi, mara ya kwanza siku hiyo. "Andika hivyohivyo. Ngitili yao imevuka korongo ikaingia kwenye pamba yangu. Shamba hili alilifyeka baba yangu mwenyewe, kila mtu hapa anajua. Andika."

Kalamu ya Januarius ilikuwa imeshagusa karatasi.

Milembe aliona yote kwa wakati mmoja. Aliona neno mgogoro likiandikwa, aliona Mama Mkwe amelala zizini na hainuki. Na alimwona Nyanda, mwenye miaka arobaini na nane na mvi kidevuni, baba wa watu, amesimama mbele ya wadogo zake kama kichwa cha nyumba. Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameisimulia hadithi yake mpaka ikamhamisha. Angekuwa Masalu hapo, angetia utani, mtu akasahihishwa huku anacheka. Milembe hakuwahi kuwa na kipaji hicho. Yeye alikuwa na maneno makavu tu.

"Nyanda, mwanangu," alisema. "Korongo hukulivuka."

Januarius akainua kalamu.

"Mayu, aliyeumwa ni mimi."

"Umeumwa wewe. Aliyekutoa siafu ni mimi. Nilikuwa chini ya mfuru naokota furu, nikakuona unakuja, kaptula iko mkononi. Ulikimbia hatua kama ishirini ukanikuta. Ukanishika miguu."

"Niliruka."

"Uliruka kwenye harusi za watu, baba. Siku ile hukuruka."

Mmoja wa wazee alicheka puani, kisha mwingine. Nyanda hakucheka. Uso wake ulijifunga kama mlango. Milembe hakusubiri, alishuka korongoni kwa makalio na mikono kama mtoto, akapanda upande wa nyumbani, akawapeleka moja kwa moja kwenye mfuru mzee uliopasuka. Hatua ishirini kutoka hapo, chini ya nyasi, kulikuwa na kichuguu kilicholiwa na mvua, kimebaki kama sufuria iliyofunikwa.

Januarius alikipiga teke kidogo. "Masunga, hapa unakubali?"

"Hapa nakubali," Masunga alisema haraka.

"Mama huyu amejirudisha nyuma mwenyewe," Januarius alisema akiandika, kama anayezungumza na daftari. "Amesema kinyume cha mwanawe. Hilo nimeliona."

Nyanda alikuwa amekwenda kusimama mbali, mgongo umewageukia.

*

"Sasa ya nne," alisema Januarius.

Watoto walitazamana. Walijua tangu jana usiku kwamba hakuna anayeijua, na walikuwa wametumaini tu, kama watu wanavyotumaini mvua.

Masunga akachoma panga ardhini. Ndipo Milembe alipoelewa kwa nini alikuwa anakubali upesi. "Mimi sina ubishi na hizi tatu," alisema. "Nimezikubali zote. Lakini kona tatu ni kona tatu. Kutoka mfuru huu mpaka kisiki cha mkwaju, piga mstari. Upande wa juu wao. Upande wa chini wenye maji, wangu. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuchora."

"Na baba alinywesha wapi miaka yote hiyo?" Salu alisema.

"Kwetu. Kwa hisani."

"Hisani ya nani, wewe uliyechoma mkaa..."

"Salu," Milembe alisema. Alikuwa amechoka ghafla. "Mwenyekiti, watu hawajala. Tushuke kwenye kivuli kule chini wanywe uji. Nipe muda huo tu."

Januarius alitazama jua. Lilikuwa limeshapita utosi. "Uji tu, mayu. Baada ya hapo naandika."

Walishuka mpaka karibu na kisima, kwenye miti iliyokaribiana na mawe makubwa. Shida alileta ndoo ya uji toka nyumbani, akagawa vikombe. Milembe alijaribu kufikiri. Nani alinuna siku tatu? Shida alinuna mpaka chakula cha usiku. Salu alinuna siku moja, akaletewa kipande cha muwa akasahau. Nyanda alinuna wiki nzima. Na Kija, mtoto wake Kija, alinuna kwa kila kitu, midomo imechongoka kama ya ndege, lakini hakuwahi kufika huku. Masalu alikuwa anambeba tu begani mpaka getini na kurudi. Basi ni homa, alijiambia. Ilikuwa homa ile. Mzee amekwenda na kona yake.

Alichukua kikombe cha Januarius yeye mwenyewe, kwa heshima ya mgeni mkubwa, akapiga magoti kumpa kama alivyolelewa. Goti la kulia likatua kwenye kokoto. Maumivu yakampanda mpaka kiunoni, na akiwa hivyo, ameinama, kikombe mkononi, macho yake yakakutana na jiwe lililokuwa nyuma ya mzee: refu kiasi cha mtu, kijivu, limepasuka katikati kwa mshazari.

Uji ukamwagikia vidole vya Januarius.

"Mayu?"

Uso wake ulikuwa unawaka, kwa aibu ya miaka hamsini ambayo hakuwahi kumwambia mtoto wake hata mmoja. Aliinuka kwa kushika bega la Shida.

"Ya nne ninayo mimi," alisema.

Masunga akatoa sauti mdomoni. "Leo mchana ndiyo umeipata."

"Leo mchana. Nilidhani ni utani tu, ndiyo maana sikuitafuta huko. Nisikilizeni." Alishusha pumzi. "Nilikuwa bibi harusi, wiki ya pili. Masalu alinileta huku kukata nyasi za kuezekea. Tukafika hapa akaniambia kwa uso mkavu kabisa, kwamba desturi ya ukoo wao, mwali mpya hulipigia magoti jiwe la ukoo na kulisalimia. Kwa sauti. La sivyo hapati mtoto. Mimi natoka Mkula, desturi za huku nitazijulia wapi? Nikapiga magoti. Nikasema, 'Mwangaluka, baba mkwe.'"

Mmoja wa akina mama alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga.

"Jiwe likaitikia. 'Mwangaluka, mayu.' Nikatupa mundu nikakimbia. Kumbe baba mkwe mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yake, na baba yake Masunga, wazee wawili wameegemeza migongo kwenye jiwe moja wanavuta ugoro. Masalu alijua wapo. Alijiviringisha kwenye nyasi kwa kucheka. Sikumsemesha siku tatu. Nilimpikia, nikamwekea chakula chini, nikaondoka. Siku tatu."

Sasa watu walicheka, hata Salu. Nyanda peke yake alikuwa bado mbali, ameegemea mti.

"Hadithi nzuri," Masunga alisema. "Shahidi ni nani? Wote wamekufa. Wazee kukaa kwenye jiwe ndiyo mpaka?"

Milembe alimgeukia. Alimjua tangu anatambaa. Alikuwa amemlisha michembe ya viazi na maziwa jikoni kwake, yeye na Nyanda kwenye bakuli moja, kabla mambo hayajawa haya.

"Masunga. Baba yako alikuwa akiniitaje?"

Masunga akageuza uso kisimani.

"Tangu siku ile mpaka anakufa hakuniita Mama Nyanda hata mara moja. Aliniitaje?"

"Majina ya utani mimi siyaweki."

"Ulikuwa unaniita hilohilo ukija kuomba chakula."

Januarius alifunga daftari taratibu, akaliweka gotini. "Baba yako nilimjua," alimwambia Masunga. "Lakini sitakusaidia kujibu. Maneno ni yake, na wewe ndiye mwanawe. Ukitaka kuyakana, yakane mbele yetu."

Masunga alilishika panga, akalichomoa, akaangalia ncha yake yenye udongo. Mtu angeweza kusema lolote. Angesema hakumbuki tu, ingetosha.

"Mama Jiwe," Masunga alisema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisalimia jiwe. Alikuwa akicheka sana akilisimulia. Alisema siku wanapumzika..."

"Wanapumzika kutoka wapi?"

"Kupanda minyaa," alisema. "Minyaa ya mpaka. Alisema walianza kila mmoja kwake, wakakutana kwenye jiwe." Kisha akageuka akaondoka juu kupitia nyasi, panga likining'inia, bila kuaga mtu. Hakurudi. Lakini alikuwa ameshasema, na watu saba wa baraza walikuwa wamesikia.

Salu na Shida waliizunguka ile sehemu wakipekua. Minyaa ilikuwa imekufa karibu yote. Waliyapata mashina matatu, yamekauka, yamenyooka mstari mmoja kuelekea jiweni.

*

Januarius alitaka kigingi kipigwe kabla ya kuondoka. "Kesho wapimaji wasibahatishe. Mayu, simama pale ulipokuwa siku hiyo."

Milembe alikwenda mbele ya jiwe. Akasogea kulia kidogo. Akatikisa kichwa.

"Sikuwa nimesimama," alisema.

"Basi fanya kama ilivyokuwa."

Alishuka chini polepole, goti moja, la pili, mikono kwenye mapaja. Jiwe lilikuwa lilelile. Ufa wake ulikuwa umepanuka, na ndani yake mtu alikuwa amesokota majani makavu, kama kiota au kama mahali pa kufichia tumbaku. Masalu angeweza kuwa ndiye aliyeyaweka. Angeweza kuwa alikaa hapa nyuma mara nyingi, miaka yote hiyo, akicheka peke yake. Milembe aliona kwamba anangojewa, Salu ameshika kigingi na nyundo, na kwamba akinyanyuka bila kusema kitu hatajisamehe.

"Mwangaluka, baba mkwe," alisema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Salu alipiga kigingi. Mara moja, mara mbili. Milembe alijiandaa kuinuka.

"Mwadila, mayu," jiwe liliitikia kwa sauti nzito ya kujifanya. "Mchana unasalimia ya asubuhi? Jua limegeuka. Hata wewe unakosea."

Alibaki amepiga magoti. Ukingoni mwa jiwe, upande wa nyuma, alikuwa anaona ukosi wa shati la kanisani, umeloa jasho.

"Mwadila, Nyanda," alisema. "Toka huko ukafungue ng'ombe."